Farasi Aliyekataliwa Mnadani Mara Mbili

Hotuba kwa wanafunzi wa ufugaji na wafugaji

Walimu wetu, wanafunzi, na ninyi wafugaji mliokubali kuacha mifugo yenu siku nzima ili tukae pamoja: nawasalimu, na nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa dume la mbegu. Ningeweza kuanza na ng'ombe, maana ndio tunaoamka nao. Nimeamua kuwaletea farasi, tena farasi mmoja tu. Sababu yangu ni kumbukumbu. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred wana kitabu cha ukoo kilichoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na kila dume wa aina hiyo aliye hai leo, ukifuata baba kwa baba, unafika kwa mmoja kati ya madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki karibu miaka 300 iliyopita au zaidi. Nani alipandishwa kwa nani, akazaa nini, aliyezaliwa akakimbia vipi: yote yameandikwa. Kwa hiyo uamuzi aliofanya mtu mwaka 1990 tunaweza kuufuata hadi kwa vitukuu na kusema bila kubahatisha kama alipatia au alikosea.

Farasi wangu anaitwa Sunday Silence.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1986 katika shamba la Stone Farm, karibu na mji wa Paris, jimbo la Kentucky, Marekani. Baba yake, Halo, alikuwa dume mwenye mbegu nzuri na hasira mbaya. Aliwauma watu hadi akawa anafungwa kizuizi mdomoni. Mama yake, Wishing Well, alikuwa jike hodari aliyeshinda mbio 12, ila ukoo wake haukuwa na jina. Na kwa wanunuzi wa Kentucky, upande wa mama ukikosa majina makubwa, bei hushuka kabla mnyama hajatolewa bandani.

Mnyama mwenyewe naye hakumsaidia muuzaji. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na viungo vya katikati ya miguu ya nyuma viliingia ndani, karibu kugusana anapotembea. Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu ndivyo mnavyofundishwa kutazama. Unasimama nyuma ya mnyama. Unavuta mstari kwa macho kutoka kwenye ncha ya tako, ushuke katikati ya kile kiungo, ufike kwenye kwato. Kwa mnyama aliyenyooka, mstari unashuka wima. Kwa Sunday Silence ulipinda. Wale wanunuzi hawakukosea kuona dosari. Dosari ilikuwepo na kila mwenye macho aliiona. Walipokosea ni pale walipodhani kwamba wakishaiona hakuna tena cha kuuliza.

Kabla hata ya kufikia mnada alikuwa nusura afe. Mwishoni mwa 1986, akiwa bado mdogo kabisa, alipata kuhara kukali kwa siku kadhaa, na waliomuuguza hawakutegemea apone. Akapona. Julai 1987 akapelekwa kwenye mnada wa Keeneland, mnada wa wakubwa. Mwenye shamba, Arthur Hancock III, aliona bei inasimama chini mno, akapandisha mwenyewe, na farasi akabaki mikononi mwake kwa dola 17,000. Mwaka uliofuata akapelekwa kwenye mnada mwingine California. Wakafika dola 32,000 na wakanyamaza, wakati Hancock alikuwa anataka 50,000. Akarudishwa tena. Njiani kurudi Kentucky dereva wa gari lililombeba alipatwa na shambulio la moyo, gari likapata ajali, na farasi akaumia. Hapo alikuwa na umri wa miaka miwili, hajakanyaga uwanja wa mbio hata siku moja.

Huyu Hancock naye nimtaje kidogo, kwa sababu habari yake inaungana na ya farasi. Alikuwa mtoto mkubwa katika ukoo wenye shamba la Claiborne, moja ya mashamba yanayoheshimiwa zaidi Kentucky. Baba yao alipofariki mwaka 1972, uongozi wa shamba ukaishia kwa mdogo wake. Arthur akajitenga, akaendelea na shamba lake mwenyewe, Stone Farm. Sasa sikilizeni: siku nne kabla ya Sunday Silence kuzaliwa, alizaliwa Easy Goer, mwana wa Alydar, na huyo alilelewa Claiborne. Mwekundu, mpana, miguu imenyooka, ukoo umejaa mabingwa pande zote mbili. Mkimtafuta dume wa kuchorwa kitabuni ili wanafunzi wamuige, ndiye huyo. Wawili hao walilelewa jirani, kisha mwaka 1989 wakakutana uwanjani mara nne.

Sunday Silence alikuwa ameshapelekwa California kwa mwalimu mzee wa farasi wa mbio, Charlie Whittingham, aliyenunua nusu yake, kisha akagawana sehemu hiyo na daktari mmoja rafiki yake. Mzee huyo alikuwa na miaka 76 na subira ya kuwangoja farasi wakomae. Aprili 1989 Sunday Silence akashinda mbio za Santa Anita Derby kwa urefu wa farasi 11. Mei 6 akaingia Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu, siku ya baridi kali na uwanja wa matope, akamwacha Easy Goer nyuma kwa urefu wa farasi wawili na nusu, huku akiyumba yumba kwenye mnyoosho wa mwisho. Watu wengi wakasema ni matope, si farasi.

Basi wakaenda Baltimore, tarehe 20 Mei, kwenye mbio za Preakness. Mbio hizo nawaomba mzitafute mzitazame wenyewe. Easy Goer anatangulia wakikaribia kona ya mwisho. Sunday Silence anamfuata kwa nje, anamfikia, na kutoka hapo wanakimbia bega kwa bega hadi mwisho. Kichwa cha huyu kinatokeza, mara cha yule. Easy Goer yuko ndani karibu na uzio, na mpanda farasi wake anamvuta kichwa kulia, anatazamana na mwenzake jicho kwa jicho. Hakuna anayelegea. Wanapita mstari pamoja, na picha inaonyesha Sunday Silence ametangulia kwa pua. Mimi nikitafuta kitu ambacho hakionekani mnyama akiwa amesimama kwenye pete ya mnada, kitu ambacho fundi wa kupima miguu hana chombo cha kukipima, nakwenda kutazama zile sekunde za mwisho.

Wiki tatu baadaye, kwenye mbio za Belmont, umbali wa karibu mita 2,400, Easy Goer alimshinda kwa urefu wa farasi wanane. Alishindwa kweli, wala sitafuti udhuru. Novemba wakakutana mara ya nne huko Florida, kwenye mbio za Breeders' Cup Classic. Sunday Silence alitangulia, Easy Goer akaja kwa kasi mno mwishoni, na shingo ikaamua: Sunday Silence. Akatangazwa Farasi wa Mwaka wa Marekani. Mwaka 1990 alikimbia mara mbili tu, kisha akaumia mguu, akastaafu. Kwa jumla alishindana mara 14. Mara 9 alikuwa wa kwanza na mara 5 wa pili. Hakuwahi kumaliza nyuma ya nafasi ya pili.

Mtadhani farasi wa namna hiyo Kentucky ingemgombania. Utaratibu wao kwa dume mkubwa ni kugawa hisa: wafugaji wananunua, na kila mwenye hisa anapata haki ya kupandisha jike kila msimu. Zilitangazwa hisa 40 za dola 250,000 kila moja. Waliojitokeza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Sababu zilikuwa zilezile za mnadani: ukoo wa mama mwepesi, miguu ya nyuma mibovu, baba mwenye hasira, na mtoto ameirithi hasira hiyo. Rekodi ya mbio 14 haikuwa na uzito mbele ya picha waliyokuwa nayo vichwani tangu akiwa na mwaka mmoja. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nimeliona likitokea kwetu: mfugaji anajua ng'ombe fulani anatoa maziwa mengi kuliko wote zizini, lakini ndama wake dume anachinjwa na wa jirani mwenye pembe nzuri ndiye anaachwa awe dume la mbegu.

Hancock alikuwa na madeni. Soko la farasi Marekani lilikuwa limeanguka. Na kulikuwa na Mjapani mmoja, Zenya Yoshida, mwenye Shadai Farm, ambaye alikuwa ameshanunua robo ya farasi huyo. Akanunua kilichobaki. Yote kwa pamoja ilikuwa kiasi cha dola milioni 11, na Sunday Silence akapelekwa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, penye theluji nyingi na majani mazuri.

Yoshida hakuwa mbahatishaji. Miaka ya nyuma alikuwa ameleta Japani dume aitwaye Northern Taste, mwana wa Northern Dancer, na dume huyo akaongoza orodha ya wazazi bora kwa miaka mingi. Matokeo yake Shadai ilijaa majike waliozaliwa na Northern Taste. Majike wazuri, ila wote ndugu. Ukiwa na zizi la namna hiyo unahitaji nini? Dume bora asiye wa ukoo huo. Sunday Silence hakuwa mwana wa Northern Taste wala wa Northern Dancer, ingawa mbali nyuma ukoo wao uligusana. Wakati Kentucky inahesabu majina yanayokosekana kwenye karatasi yake, Yoshida alikuwa anahesabu majike walioko nyumbani kwake wanaomhitaji. Dume hapimwi akiwa peke yake. Anapimwa pamoja na majike atakaowapanda. Kama mtasahau yote mengine, hilo naomba mlikumbuke.

Watoto wa kwanza walizaliwa 1992. Yoshida alifariki 1993, hakumwona hata mmoja wao akishindana. Walianza kukimbia 1994. Mwaka 1995, wakiwa uwanjani watoto wa vizazi viwili tu, Sunday Silence akawa kinara wa wazazi wote Japani. Mwaka huo mwanawe Tayasu Tsuyoshi alishinda Derby ya Japani, Genuine akashinda mbio kubwa za Satsuki Sho, na binti yake Dance Partner akashinda mbio kubwa za majike wa miaka mitatu. Aliendelea kuwa kinara mwaka hadi mwaka, mara 13 mfululizo, hadi 2007, na wakati huo alikuwa ameshakufa miaka mitano.

Kuna jambo hapa ambalo wanajenetiki wenzangu hulipenda. Yeye mwenyewe mbio zake zote 14 alikimbia kwenye udongo. Mbio kubwa za Japani ni za majani. Hakuna aliyekuwa amemwona akikanyaga majani kwenye mashindano, na watoto wake wakawa mabingwa wa majani, wenye kasi ya ajabu katika mita za mwisho.

Niseme pia kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu nilishaulizwa na mwanafunzi kama walitumia uhimilishaji, yaani kumpa jike mbegu kwa chombo bila kupandwa na dume. Hapana. Kwa Thoroughbred uhimilishaji hauruhusiwi. Dume lazima ampande jike mwenyewe, la sivyo mtoto haandikishwi. Dume bora wa ng'ombe, kwa mbegu zilizogandishwa, anaweza kuwa na watoto maelfu kwa maelfu. Farasi anapanda mmoja mmoja, katika msimu wa miezi michache, na jike anabeba mimba miezi 11. Miaka yake ya mwisho Sunday Silence alipelekewa majike zaidi ya 200 kwa msimu mmoja. Ni kazi nzito kwa mwili wowote.

Mwaka 2002 aliugua mguu wa mbele, maambukizi yaliyoingia ndani. Farasi mwenye mguu mmoja mbovu huhamishia uzito kwenye mwingine. Ndani ya kwato kuna tabaka zinazoshikilia mfupa kwenye ukuta wa kwato. Zikibanwa na uzito kwa muda mrefu zinawaka, zinaachia, na mfupa unaanza kushuka. Maumivu yake ni makubwa mno. Walimtibu kwa miezi, wakamfanyia upasuaji, na tarehe 19 Agosti 2002 moyo ukashindwa. Alikuwa na miaka 16.

Mwaka huohuo wa kifo chake, tarehe 25 Machi, siku ileile aliyozaliwa yeye, alizaliwa mwanawe Deep Impact. Alikuwa mdogo wa umbo. Aliuzwa kwa yeni milioni 70, pesa nyingi kwangu na kwenu, lakini baadhi ya ndugu zake wa baba walikuwa wanauzwa kwa bei inayozidi hiyo kwa mbali. Mwaka 2005 alishinda mbio tatu kuu za Japani, mita 2,000, 2,400 na 3,000, akiwa hadi hapo hajashindwa hata mara moja. Alikuja kuwa mzazi mkubwa kama baba yake. Mwanawe Auguste Rodin alishinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 2023. Mjukuu wa Deep Impact, Forever Young, mwaka 2025 alikwenda Marekani akashinda Breeders' Cup Classic, farasi wa kwanza kufunzwa Japani kuzishinda mbio hizo. Wamarekani walimwacha baba wa babu aende, na kitukuu akarudi na kombe.

Kati ya wajukuu wa Sunday Silence, ninayemkumbuka zaidi ni Victoire Pisa. Wengi wenu mna ndugu Dubai, na huenda baadhi yao walikuwa kwenye uwanja wa mbio wa Meydan usiku ule. Tarehe 11 Machi 2011 Japani ilipigwa na tetemeko na tsunami, maelfu wakafa. Tarehe 26, wiki mbili baadaye, Victoire Pisa alishinda Dubai World Cup. Wa pili alikuwa Transcend, naye kutoka Japani. Mpanda farasi Mirco Demuro, Mwitaliano, alilia machozi pale uwanjani. Hapo sina hesabu ya kuwapa. Ninachojua ni kwamba mnyama aliwapa watu walioelemewa na msiba furaha ya dakika mbili, na watu wale walistahili.

Sasa nije kwenye upande ambao waandaaji wangependa niupite haraka, nami sitaupita. Mzee Whittingham alikuwa na farasi mwingine, Ferdinand. Huyo alishinda Kentucky Derby 1986, miaka mitatu kabla ya Sunday Silence. Alishinda Breeders' Cup Classic 1987, akawa Farasi wa Mwaka. Mwalimu yuleyule, vikombe vilevile. Naye mwaka 1994 aliuzwa Japani, akapelekwa Hokkaido hukohuko. Watoto wake hawakukimbia vizuri. Majike wakapungua mwaka hadi mwaka. Akapitishwa kwa dalali, na habari zilizochapishwa mwaka 2003 zilieleza kwamba alikuwa ameishia machinjioni, mwaka 2002. Mwaka uleule Japani nzima inamwomboleza Sunday Silence.

Mimi nimekulia kwa wafugaji. Najua mnyama huchinjwa, na sitajifanya mtakatifu mbele yenu. Ila Ferdinand alikuwa ameingiza mamilioni ya dola kwa kukimbia, na hakuna kati ya waliokula jasho lake aliyejua yuko wapi siku anapakiwa kwenye gari. Hili ni deni. Anayeamua mnyama fulani awe dume la mbegu anapaswa kuamua siku hiyohiyo ataishi vipi mbegu zake zikikataa. Habari hiyo ilipotoka, baadhi ya wenye farasi Marekani walianza kuweka sharti katika mikataba la kumnunua tena farasi anapomaliza kazi. Walichelewa, lakini walifanya.

La mwisho ni damu. Sunday Silence alifanikiwa hadi akawa tatizo. Kila zizi la Japani lilijaa mabinti na wajukuu wake, na wafugaji wakajikuta pale alipokuwa Yoshida zamani: majike wazuri, wote ndugu. Wakatafuta dume asiye na damu hiyo, wakampata King Kamehameha, na mabinti wa Sunday Silence wakapelekwa kwake na kwa wanawe. Novemba 2020, kwenye Japan Cup, wa kwanza alikuwa Almond Eye, ambaye mama yake ni binti wa Sunday Silence. Wa pili Contrail, mwana wa Deep Impact. Wa tatu Daring Tact, ambaye Sunday Silence yuko kizazi cha nne upande wa baba yake na kizazi cha tatu upande wa mama.

Huyo wa tatu tumpigie hesabu pamoja. Damu ya Sunday Silence kwake ni moja ya kumi na sita jumlisha moja ya nane, yaani asilimia 18.75. Kiwango cha kuzaliana kwa ndugu kinachotokana naye ni moja ya sitini na nne, asilimia 1.56. Wajapani wanakiona hicho kuwa cha kuvumilika, na Daring Tact alishinda mbio tatu kuu za majike bila kushindwa. Dume wa ng'ombe akimpanda binti yake mwenyewe, kiwango ni asilimia 25. Akimpanda dada yake wa baba mmoja ni 12.5. Nimezunguka kwenye vijiji vingi ambako dume mmoja amekaa zizini miaka sita au saba, na ndama hawana kumbukumbu ya baba hata ya kwenye daftari la shule.

Nimeacha nafasi ubaoni. Wafugaji, nitajieni dume wenu mmoja na mwaka aliofika zizini, tumpigie hesabu hiyohiyo. Aanze yule mama wa mstari wa mbele.